Mama Digna Matimbwa, Miaka Thelathini na Moja ya Kuuwahi Mto

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2026, Mama Digna Matimbwa, Mkuu wa Kitengo cha Mifumo katika Kituo cha Taarifa Bondeni hapa Ifakara, anastaafu rasmi baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Ametimiza miaka sitini, ingawa wanaopanda naye ngazi za ofisi asubuhi hawaamini, maana wao ndio wanaofika juu wakihema. Mimi ninayeandika ni Leticia wa meza ya simu, yule anayepokea malalamiko yenu yote, kuanzia ya mvua hadi ya bando. Nimeombwa niandike kwa lugha ya heshima. Nitajitahidi.

Mama Digna aliajiriwa mwaka 1995 kama karani mpiga chapa. Kituo kilikuwa chumba kimoja, redio ya upepo moja, na ubao wa nje ambapo kina cha mto kiliandikwa kwa chaki ili wakulima na wavuvi wasome wakipita. Kompyuta ya kwanza ilikuja kwa msaada, na yeye ndiye aliyetumwa kuifuata Morogoro. Barabara ya Kidatu haikuwa hii ya lami mnayoringia leo. Lori lilikwama Mkula, mvua inamwagika, naye akaivika kompyuta khanga mbili na kuikimbiza kwenye banda la mama mmoja muuza nyanya. Yule mama alimpa hifadhi, lakini alimpa na kazi: auze huku akisubiri. Kompyuta ilifika Ifakara ikiwa kavu, na Mama Digna akafika na sifa ya kuuza nyanya kuliko mwenye banda. Kuna watu Mkula ambao hadi leo wakimwona wanamuuliza anarudi lini kazini.

Kuandika programu alijifunza mwenyewe, kwa vitabu vilivyoachwa na wageni, kisha akasoma kwa masafa akiwa na watoto wawili wadogo na mume anayefundisha Mahenge. Simu za mkononi zilipoenea bondeni, akaona jambo ambalo sisi wengine tulichelewa kuliona: ubao wa chaki unaweza kuingia mfukoni mwa mtu. Akaanza kuunda mfumo wa kutuma ujumbe. Vifaa vya kupimia maji vinasoma mto huko juu, mfumo unaangalia ni familia zipi ziko njiani mwa maji, kisha unazitumia ujumbe zitoke mapema. Vijana wa kitengo wanauita mfumo huo Bibi, kwa sababu umri wake unakaribia wa baadhi yao, na kwa sababu ukiugusa vibaya unanuna siku nzima.

Mkiniuliza Bibi ameokoa watu wangapi, sijui. Waliosalimika hawapigi simu kushukuru. Wanaopiga ni wale wanaolalamika kwamba tumewahamisha na maji yenyewe yameishia magotini.

Tatizo la Bibi lilikuwa moja: alikuwa anaelewana na mtu mmoja tu. Kwa miaka ishirini, kila alipokorofisha, aliitwa Mama Digna. Aliitwa kanisani. Aliitwa kwenye harusi ya mwanawe mwenyewe, akatoka na gauni lake la kitenge akakaa ndani ya gari la maharusi na kompyuta mapajani, na bwana harusi amesimama nje anasubiri. Sote tulicheka siku ile. Yeye hakucheka sana.

Katikati ya mwaka 2024 akatuita kikaoni, akasema amebakiza miaka miwili na Bibi hatastaafu pamoja naye. Mwenyekiti wa bodi alikuwa na jibu lake tayari: Mama apewe mkataba wa miaka mitatu baada ya kustaafu, mambo yaendelee kama yalivyo, halafu tutaona. Ofa kama hiyo wengine tungeipokea kwa mikono miwili na miguu. Mama Digna aliikataa palepale. Alisema akifa Jumanne, maji hayatasubiri tumalize matanga. Bodi ikakunja uso, naye akaendelea kunywa chai yake. Tangu siku hiyo tulikuwa na swali moja lililotunyima raha: huyu mama akiondoka, nani atawaambia watu wa bondeni kwamba maji yanakuja?

Wakati ule vijana wake wawili, Careen na Fredy, walikuwa wanaificha akili mnemba kama watoto wanavyoficha sukari. Mama akipita, skrini zinabadilika ghafla. Aliwagundua kirahisi sana. Fredy, ambaye tunampenda lakini tunamjua, alileta kazi ya mwezi mzima kwa wiki moja, imepangwa vizuri, ina maelezo kila mahali, na haina kosa hata moja la haraka haraka. Mama aliisoma yote, akamwita, akamuuliza nani kaiandika. Kijasho chembamba kikamtoka kijana wa watu. Akakiri kwamba ni mashine.

Tulidhani Fredy atamwaga unga. Kumbe Mama Digna alimwambia afungue hiyo mashine kwenye skrini kubwa ya chumba cha mikutano, wote waone. Alikaa mbele yake mpaka chai ya saa nne ikapoa, akiiuliza maswali kuhusu Bibi, akiitegea mitego, akiipa vipande vya zamani ambavyo hata yeye alikuwa amesahau kwa nini aliviandika. Alipoinuka alisema maneno mawili ambayo Fredy ameyabandika ukutani: kwanza, tunaitumia; pili, hakuna kuificha tena, maana kitu kinachofichwa hakisahihishwi.

Kisha akaweka sharti, na sharti hilo, jamani, ndilo lililonipa cheo ambacho sikukiomba. Alisema mashine iandike inavyotaka, lakini kabla ya kitu chochote kuingia ndani ya Bibi, kijana aje asimame mbele ya meza yangu ya simu, anieleze kwa Kiswahili changu hiki ninachoongea na wakulima: kitu hiki kinafanya nini, na kikikosea ataumia nani. Nisipoelewa, hakiingii. Mimi sijui kuandika programu hata ya kujumlisha moja na moja. Ndiyo maana alinichagua.

Nikiri kwamba madaraka yalinilewesha kidogo. Vijana waliita zoezi hilo kupita kwa Leti, na kuna wiki vitumbua vilikuwa vinafika mezani kwangu kabla ya maelezo. Nilikula vitumbua na bado nikasema sijaelewa. Ila nilianza kuona kitu: mara nyingi kijana alikuja akijiamini, akafika katikati ya sentensi, akanyamaza, akashika kichwa na kurudi alikotoka bila mimi kusema neno. Alikuwa amejisikia mwenyewe. Fredy alinung'unika kwamba zamani alikuwa fundi na sasa amekuwa mwalimu wa kusahihisha madaftari, mashine inaandika yeye anapiga vema. Mama akamjibu kwamba kusoma kazi ya mwingine kwa makini ni kazi ngumu kuliko kuiandika, na kama anadhani ni rahisi basi hajaanza kuisoma. Fredy akanuna hadi Ijumaa. Jumatatu iliyofuata alikuja na makosa sita aliyoyakamata ndani ya kazi ambayo mashine ilimhakikishia iko safi, na alitembea ofisini kama jogoo.

Sasa nifike mahali ambapo Mama Digna mwenyewe aliniomba nisiparuke.

Mwishoni mwa mwaka ule nilikwenda likizo kwa ajili ya kipaimara cha mwanangu, na Mama akakalia kiti changu cha kusikiliza. Careen alikuwa anaijenga upya orodha ya familia. Mashine iligundua kwamba familia nyingi zimeandikwa mara mbili: jina lilelile, simu ileile, mahali tofauti. Ikapendekeza kila familia ibaki na mahali pamoja, pale penye maelezo kamili, yaani mjini. Careen akasimama, akaeleza vizuri tu: walioandikwa mara mbili wataandikwa mara moja. Mama Digna akaitikia. Majaribio yote yakapita. Bibi akapungua unene, akawa mwepesi, na kila mtu akafurahi.

Hapa kwetu nani asiyejua kwamba msimu wa kilimo watu wanahamia shamba? Nyumba inafungwa kule Lumemo, kuku wanabebwa, familia inahamia kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya tope, mpaka mpunga uvunwe. Careen amekulia kwenye dungu. Fredy vilevile. Mama Digna analo la kwake ng'ambo ya Kivukoni. Ni jambo la kawaida mno kwetu, hata hakuna aliyekumbuka kulitamka, na mashine ilijua yale tu iliyoambiwa. Kwa hiyo watu waliokuwa wanakwenda kulala katikati ya mbuga ya mafuriko, Bibi aliwahesabu kwamba wako mjini, salama, juu ya sakafu ya saruji.

Kila Januari, watu wakishahamia shamba, tunawatumia ujumbe wa majaribio. Siku hiyo simu yangu huwa haipumui. Mmoja anasema tupo, leteni chumvi. Mwingine anasema ujumbe umefika ila mvua haijafika, tubadilishane. Januari 2025 tuliutuma, nikajiandaa na chai yangu, na simu ikanyamaza. Nikaipiga mimi mwenyewe kujaribu kama ni nzima. Ilikuwa nzima. Nikampigia mzee Polikarpo, mvuvi na mkulima wa ng'ambo ya Kivukoni, ambaye kwa kawaida ndiye wa kwanza kututania. Nikamsalimu shikamoo, nikamuuliza kama amepata ujumbe. Akaniuliza ujumbe gani.

Mama Digna aliliona kosa kabla ya chakula cha mchana. Mvua kubwa zilikuwa bado, Mungu ni mwema, na hakuna aliyeumia. Lakini Careen alishaanza kuandika barua ya kuacha kazi, machozi yanadondoka juu ya kibodi. Mama aliichukua ile barua, akaiweka kwenye mkoba wake, akamwambia achukue mwavuli wanakwenda Kivukoni.

Wengi wenu mmesikia habari za mkutano tulioufanya kule na watu wa ng'ambo, kwa kuongezewa chumvi; mimi nilikuwepo. Watu walikaa kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, na mzee Polikarpo alisimama akamsema Mama Digna mbele ya halaiki. Alimuuliza kama ofisini wamesahau walikozaliwa. Alimuuliza kama wajukuu zake yeye Polikarpo ni nakala ya pili ya kufutwa. Mama alikuwa na watu wawili wa kuwasukumia lawama: msichana aliyeitekeleza kazi na mashine iliyoipendekeza. Hakumtaja hata mmoja. Alisema yeye ndiye aliyeruhusu, yeye ndiye watakayemdai, na atawaeleza sasa hivi kosa litarekebishwaje. Akaeleza, kwa Kiswahili kilekile anachowalazimisha vijana wakiseme kwangu. Polikarpo alisikiliza hadi mwisho, akaguna, akasema basi. Ile barua ya Careen haikuonekana tena.

Bodi ikapata nguvu upya. Mwenyekiti akasema sasa imedhihirika, akili mnemba ipigwe chini na Mama abaki kwa mkataba. Wengine tulikuwa tumeanza kukubaliana naye, tusidanganyane. Mama Digna akatia ngumu kwa yote mawili. Alisema kosa hili hata yeye peke yake angeweza kulifanya, na kwa kuwa angekuwa peke yake lingekaa miaka. Alisema akibaki, vijana watajifunza kumwita tu. Mwenyekiti akamuuliza kama haoni hatari. Akasema anaiona kuliko yeye, ndiyo maana anataka kuondoka huku kuna watu wanaoijua.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya mwaka mzima ambayo haina picha nzuri ya kuweka kwenye jarida hili. Aliwatuma vijana kukaa na watu na kurudi na yale ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyasema. Kwamba simu moja kwenye dungu inaweza kuwa ya familia tatu. Kwamba wavuvi wanahamisha kambi kufuata kambale, na mahali walipoandikwa mwezi jana hawapo tena. Kwamba mchana watu wengi wanazima simu kutunza chaji, kwa hiyo ujumbe urudiwe jioni. Hayo yote yaliandikwa kwa lugha nyepesi, na mashine inasomeshwa kwanza kabla ya kupewa kazi yoyote. Wataalamu waliotutembelea kutoka Dar es Salaam waliuliza tumetoa wapi utaratibu huo. Fredy akawajibu, kifua mbele, kwamba tumeupata kwa kutukanwa Kivukoni.

Kisha akaanza kujitoa. Nywila moja baada ya nyingine alizikabidhi kwa Careen. Kuanzia Januari mwaka huu alijipiga marufuku kumgusa Bibi, na mimi niliyekaa jirani naye nawaambia ilimuuma. Bibi akikwama, vijana wanahangaika, yeye anajua jibu, anakaa juu ya mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Akiulizwa anajibu neno moja: Careen. Kuna siku nilimchukia kwa hilo, na nilimwambia. Akasema hata yeye.

Machi, mvua zimeanza, akaomba likizo yake yote iliyobaki akaenda kwenye dungu lake ng'ambo ya Kivukoni, pamoja na mdogo wake na wajukuu. Bodi ilipiga kelele: likizo wakati wa masika! Akasema hasa wakati wa masika.

Asubuhi moja ya Aprili kifaa cha juu mtoni kikatoa namba ambayo hatujawahi kuiona. Akili mnemba ikaichambua na kusema kuna uwezekano mkubwa kifaa kimeharibika, kwa sababu kimepanda ghafla kisha kikakata mawasiliano. Ikashauri namba hiyo iachwe. Ulikuwa ushauri wa busara, vifaa vyetu vinaharibika kila siku. Careen alisimama mbele ya meza yangu na simu mkononi, jina la Mama Digna liko tayari kwenye kioo. Nami nilitamani ampigie, naapa. Badala yake nikamuuliza swali la kazi yangu: na kama kifaa hakijaharibika, anaumia nani? Uso ukambadilika. Akalifuta lile jina na kumpigia Dionisi, mlinzi wa kile kifaa. Dionisi alipokea anahema. Alisema kifaa hakijaharibika, kimezama. Maji yamekipita na yeye mwenyewe anaongea akiwa juu ya kilima na mbuzi wake.

Careen hakuomba ruhusa kwa mtu. Alituma ujumbe kwa mbuga yote ya ng'ambo: tokeni sasa. Kisha akakaa na Fredy wakawa wanaangalia majibu yanavyoingia, familia baada ya familia zikisema zimetoka.

Mdogo wake Mama Digna ndiye aliyenisimulia upande wa pili. Walikuwa wanapalilia, jua linawaka, mbingu haina hata wingu la kusingizia. Simu ya Mama ikalia, akasoma. Mdogo wake alimtegemea apige ofisini, aulize namba, abishane kidogo, si ndiye mwenye mfumo? Mama Digna aliweka jembe chini, akambeba mjukuu mdogo mgongoni, akawaambia wengine wakamate kuku. Majirani waliokuwa wanasitasita kwa sababu ya jua lile walipomwona anaondoka, wakaondoka. Alitembea hadi daraja la Kivukoni bila kufungua simu tena, isipokuwa kujibu ujumbe kama raia yeyote. Jioni maji yalifunika mbuga yote, na mpunga wake ni miongoni mwa uliokwenda. Watu wa ng'ambo ile walivuka wote, na mzee Polikarpo na wajukuu zake wakiwemo.

Ofisini, jibu lake liliingia katikati ya majibu mengine, jina na neno nimetoka, basi. Careen aliliona, akalisoma kwa sauti, akajifunika uso akalia kwa furaha. Fredy alisema ana vumbi machoni, na sisi tukamwacha na vumbi lake.

Mama Digna, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo na watu wa bondeni wasiopiga simu kushukuru, asante. Asante kwa kutufundisha kusimama na kueleza tunachokifanya, na kwa kukubali kusemwa mbele ya watu kwa ajili yetu. Tunakupenda sana, hata pale ulipotutia hasira. Wewe, mzee wako na wajukuu tunawatakia maisha marefu na mema, mvua ya kiasi, na msimu ujao wenye mpunga wa kujaza kihenge.

Wastaafu wengi huagwa kwa kuahidiwa kwamba tutazidi kuwasumbua kwa kuomba ushauri. Wewe tunakuahidi kwamba hatutakupigia. Simu usiizime tu, mama. Tukikuambia utoke, toka.

Leticia, meza ya simu, kwa niaba ya wote.